Yangeyange wa Mama Mmoja

Nyamizi, mtani wangu,

Sikuulizi habari za huko, maana nakujua. Utanijibu kwamba huko chumvi inajikusanya yenyewe na nyinyi mmekaa kivulini mnakunywa chai ya tangawizi, na mimi nitaumia roho bure. Acha nikupe za huku. Za huku ni kwamba sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama naondoka, nikifika ninakokwenda nasahau nilichofuata. Juzi niliinjika wali nikatoka kidogo kuangalia kama maji yameanza kupwa. Niliporudi jirani alikuwa amekwisha kuuepua, nusu umekuwa mkaa. Wanasema nina jini. Nawaambia sina jini, nina Mnyamwezi, na huyo hana mganga.

Nakuandikia kwa sababu ya ndege. Najua umeshaanza kucheka. Cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa leo nina neno ambalo kinywa changu hakijazoea kulitamka mbele yako.

Unakumbuka lilivyoanza. Tulikuwa tumekaa juu ya tuta la jaruba la chumvi, reki zimelala pembeni, visigino vimepasuka kwa chumvi, tunakula muhogo wa kuchemsha. Maji yalikuwa yamekupwa, na kule kwenye tope walikuwa yangeyange wawili, mmoja mweupe pepepe na mmoja mweusi wa rangi ya sufuria ya kuni, ameachiwa weupe kidogo tu kidevuni. Wote wana miguu myeusi na nyayo za manjano, utasema wamekanyaga bizari. Wote wanavua kwa namna moja, anatia mguu majini anautetemesha kama mtu anayepapasa ndala iliyozama, samaki akishtuka, kamdonoa. Mimi nikasema tu, bila kufikiri, kwamba yule mweusi ni mgeni. Kaja na upepo kutoka visiwani na siku moja atarudi kwao.

Ukaacha kutafuna. Ukaniambia, "Mkwere, yule kazaliwa hapa hapa, na mama yake ndiye yule mweupe."

Nilicheka mpaka muhogo ukanipalia. Nikakuuliza toka lini. Nikakwambia wale weusi ndio Wanyamwezi wa ndege, wamekuja kuwabebea weupe mizigo wakasahau njia ya kurudi Tabora. Wewe hukukawia. Ukasema babu wa babu yako alifika Bagamoyo na mzigo kichwani, akawakuta wenyeji wamelala, usiku kucha walikuwa ngomani, akawaonea huruma akabaki awafundishe kazi. Ukasema mpaka leo Mkwere akisikia ngoma inalia Lugoba, anaacha chungu motoni na mtoto kwenye beseni. Wanawake wa majaruba ya jirani waliacha kazi wakatusikiliza. Ndivyo tulivyokuwa kila siku, mtu mgeni angedhani tutakatana na chepe.

Hapo ndipo tulipowekeana dau. Si la pesa, mimi na wewe hatukuwa watu wa kamari. Tulisema atakayeshindwa atambeba mwenzake mgongoni, toka jarubani mpaka barabarani, mchana kweupe, watu wanaona. Nililipenda sana dau lile. Nilishakuona umeinama chini yangu unahema, Mnyamwezi amerudi kwenye kazi ya ukoo, na mimi huko juu nawapungia watu mkono.

Basi tukaanza kutafuta ushahidi kama watu wenye kesi mahakamani. Ukampigia simu shemeji yako wa Mafia, akasema kwao weusi ni wengi tena wengi sana, na wanatembea pamoja na weupe. Nikasema umeona, kwao ni visiwani. Nikamuuliza wifi yangu aliyeolewa Pangani, akasema anawaona wa rangi zote mbili ila weupe ndio wamejaa. Nikatoka mimi mwenyewe mpaka Lugoba kwenye msiba, nikapita kwenye lambo wanakonyweshea ng'ombe, nikawakuta yangeyange wamesimama pale, weupe watupu, hakuna mweusi hata wa dawa. Nilirudi nakimbia kukuletea. Ukanitazama kwa huruma. Ukasema wale wa Lugoba ni watu wa maji baridi, ni ukoo mwingine, hata ukiwasalimia hawaitikii kwa lafudhi ya pwani.

Kisha akaja yule binti mwanafunzi kutoka Dar na darubini yake, aliyekuwa anahesabu ndege wa pwani. Tulimkalisha kwenye tuta kama kadhi. Akafungua kitabu. Akatueleza kwamba hawa wetu wapo pwani hii yote, toka Kenya kuteremka huku, na Pemba na Mafia, na wanavuka bahari mpaka Ngazija na Bukini, kile kisiwa kikubwa, kote. Kule juu, Bahari ya Shamu, kuna ndugu zao wengine, nao wana weusi na weupe, ila wana domo nene zaidi. Na pwani ya upande wa pili wa Afrika wapo wa namna hiyo pia. Wale wa Lugoba na bara ni ndugu wa pembeni, wao ni weupe siku zote. Halafu akasema, bila kujua anachokifanya, kwamba huku kwetu mweusi na mweupe ni ndege mmoja, wanaoana na kuzaa pamoja.

Ulisimama. Ukajifunga kanga vizuri kiunoni. Ukaniambia neno moja tu, "Chuchumaa."

Nikakataa. Nilisema kitabu si kiota. Kitabu kina picha, na picha hata mimi naweza kuchora. Nionyeshe kiota kimoja chenye watoto weusi na weupe chini ya mama mmoja, nami nitakubeba mpaka Tabora. Uliniita mkaidi, mzawa wa wakaidi, ukaninunia mpaka tulipomaliza kupakia magunia. Tulipoagana ukasema masika yakiisha ndege watajenga, na wewe utanionyesha, inshallah.

Masika hukuyamaliza. Mvua zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, majaruba yamejaa maji ya mvua, kazi hakuna, na wewe ulikuwa uani unachambua mchicha. Presha. Nilipofika walikuwa wamekwisha kukufunika. Nilikuita Mnyamwezi, nikakuita mvivu, nikakuambia unajilaza mchana kama Mkwere. Hukunijibu. Katika umri wangu wote sijawahi kukusikia umekosa jibu.

Sasa nikueleze la msiba wako, kwa kuwa hukuliona, au uliliona na unanisubiri nilisimulie.

Wewe na mimi tulishaliongea. Atakayetangulia, mwenzake amzuie mlangoni. Ndivyo watani wanavyozikana, ndivyo shangazi yako alivyozuiwa na mama yangu, na watu wakacheka huku machozi yanatiririka, na maiti akatoka akiwa mwepesi. Mtani anaziba njia, anasema maneno yake mabaya mazuri, anakuja mtu wa ukoo kumkomboa kwa chochote kile, hata kwa kikombe cha maji. Hapo mtani husogea, akasema haya, nenda. Ndiyo ruhusa. Bila hiyo msiba haujafungwa.

Basi wanaume walipoingia kuchukua jeneza, nilikuwa nimeshasimama mlangoni na reki yako mkononi, kanga nimeifunga kwa lile fundo lako la ovyo. Nikasema haendi mtu. Huyu Mnyamwezi hatoki humu mpaka akubali kwamba yangeyange mweusi ni mgeni. Mzikeni, lakini domo lake liacheni nje, maana litabisha na udongo. Kisha nikafanya ile yako, nikainua kanga kidogo nikautetemesha mguu sakafuni kama yangeyange, vile ulivyokuwa ukituigizia. Mjomba wako alianza kucheka na kujifuta macho kwa kofia. Wanawake wenzetu wa jaruba walipiga kelele za kilio na kicheko pamoja. Nilijua unafurahi. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Zuhura akatoka chumbani.

Mwanao huyo nimembeba mgongoni tangu hajaota meno. Ananiita Mama Mkubwa. Lakini amekulia shule za Dar, kaolewa na mtu wa mbali, anakaa Mapinga kwenye viwanja vipya, na utani kwake ni kitu cha mpira, Simba na Yanga. Alininyang'anya reki. Akasema, "Mama yangu amelala hapo, wewe unacheza? Toka. Usikanyage tena kwetu." Mjomba wako akajaribu kumweleza kwamba huyu ni mtani wa marehemu na hiyo ndiyo kazi yake. Akajibu kwamba yeye utani haujui na hautaki. Nani angebishana na mtoto anayelia vile?

Nikatoka. Nilisimama chini ya mpapai wenu, jeneza likapita mbele yangu, watu wakipokezana, na mimi mdomo umefungwa. Sikukombolewa. Sikusema haya, nenda.

Usidhani najuta. Sijutii hata kidogo. Ningekaa kimya nikajiinamia pembeni kama watu wa mjini, ungenisema mpaka kiama. Kinachoniwasha ni kwamba nimekuzuia mlangoni na sijakufungulia. Kila nikikaa nakuona umesimama pale na sanda yako, mkono kiunoni, unaniuliza, Mkwere, nakwenda au siendi? Nitakaaje mimi?

Arobaini yako ilisomwa Mapinga, nikaipata habari kwa muuza samaki. Nilimpigia Zuhura, hakupokea. Nikampigia kwa simu ya jirani, akapokea, aliposikia sauti yangu akakata. Hapo ndipo miguu iliponishika kweli. Nikawa natembea. Kila maji yakipwa nipo ufukweni, leo Kaole, kesho Mbegani, keshokutwa nimerudi majarubani wakati hata kazi haijaanza. Natazama juu ya mikoko mpaka shingo inakakamaa. Nilijiambia nikikipata hicho kiota, wote weupe chini ya mweupe, wote weusi chini ya mweusi, nitakuja kaburini nikuambie umeshindwa, utanijibu kwa namna yako, na mambo yataisha. Nilitaka kushinda, Nyamizi. Nilitaka unijibu.

Mama mmoja mkulima wa mwani kule Mlingotini ndiye aliyenionea huruma. Alisema kuna kijisiwa cha mikoko ndani ya ghuba, ndege wanajenga, maji makubwa ya bamvua yakipwa mtu anafika kwa miguu kama haogopi tope. Nilikwenda. Tope lilinifika magotini, ndala moja imebaki huko mpaka leo. Nikaingia chini ya mikoko, kunanuka samaki na kinyesi cha ndege, na kelele zao ni kama watu wanaosukutua. Nikainua macho.

Kiota cha vijiti, hakiko juu sana. Vichwa vitatu. Viwili vyeupe, kimoja cha kijivu kizito, kilekile cha sufuria ya kuni. Nikasema huyo mmoja atakuwa kaanguka toka kiota cha jirani. Wajua ukaidi wangu. Nikasubiri. Akaja mweupe, akatua, na yule wa kijivu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika domo na kulivuta, akalishwa. Nikasema bado. Akaja mweusi, mtu mzima, nyayo za bizari, akasimama ukingoni mwa kile kile kiota, akawalisha wale weupe wawili. Wakakaa pale wote wawili, mke na mume, sijui yupi ni yupi, wanatazamana kama watu wanaojiuliza leo chakula kimetosha.

Nikakaa chini. Palepale kwenye tope, na kanga yangu. Tangu ufe ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa nikatulia. Nililia, nikacheka, ndege wakaniona mwehu. Maji yalipoanza kujaa ndipo nilipoondoka.

Basi neno lenyewe ni hili. Umenishinda. Mweusi si mgeni. Kazaliwa hapa hapa.

Lakini kuyasema haya peke yangu nyumbani kulinifaa nini? Dau lilikuwa kubeba, na wa kubebwa yuko udongoni. Siku mbili zilizofuata nilitembea kuliko zote zilizotangulia. Mwishowe nikapanda gari nikaenda Mapinga.

Zuhura alikuwa anaanika nguo. Aliponiona akasema shikamoo, kwa mazoea, kisha nikamwona anajilaumu kwa kuitoa. Nikaitikia marahaba upesi asije akairudisha. Nikamwambia, "Sikuja kuomba radhi, mwanangu. Nimekuja kushindwa." Nikamsimulia nikiwa nimesimama langoni, hakunikaribisha na sikutaka kukaribishwa kwa huruma. Nikamweleza lile dau, binti wa darubini, kiota, wa kijivu aliyevuta domo la mweupe. Nikamweleza kwamba mama yake na mimi tulipatana kuzuiana, na kwamba mlango ule nimeufunga mimi na hakuna aliyeufungua. Alikuwa ameshika shuka mbichi, maji yanamdondokea miguuni. Nilipomaliza akasema gari za kurudi zinapita hapo mbele. Akaingia ndani.

Nilirudi nikajiambia basi, Mkwere, umefanya lako.

Kazi ilipoanza tena nilipewa jaruba lile lile letu, na mwenzangu sasa ni msichana wa Kiwangwa, mpole, ukimtania anasema samahani. Nilikuwa nimeinamia chumvi, jua limeshapanda, nikasikia wenzangu wamenyamaza. Nikainua kichwa. Zuhura alikuwa amesimama juu ya tuta, viatu kavishika mkononi, na amejifunga kanga yako ile ya zambarau iliyoungua pasi. Fundo la ovyo, lile lile. Kumbe ulimrithisha.

Hakunisalimu. Alinitazama tu, akasema, "Mama kaniachia dau lake. Chuchumaa, mpagazi."

Nikaweka reki chini nikachuchumaa.

Mwanao ni mzito, nikuambie ukweli, huko Mapinga wanakula. Tuta la kwanza nilimvusha, watu wanapiga vigelegele, yule msichana wa Kiwangwa anatufuata na viatu. Zuhura huko juu alikuwa akinielekeza njia kama anaendesha punda, ananiambia babu zake walikuwa wanafika pwani bila kuhema namna hii. Nani kamfundisha? Nilidhani hajui utani. Tuta la pili magoti yakakataa. Tukaanguka wote ndani ya jaruba, chumvi mpaka masikioni, na pale chini, kanga zimelowana, akanishika shingo akalia kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo, ananiita Mama Mkubwa, Mama Mkubwa. Nikamwacha alie. Nami nililia yangu.

Tulipokwisha kujipangusa akaniuliza kama sasa mama yake amekombolewa. Nikamwambia amekombolewa. Akaniuliza, basi mbona hujamwambia aende? Nikamjibu hilo nitamwambia mwenyewe.

Kwa hiyo nimekaa kibarazani, Nyamizi. Nimekaa kweli, tangu asubuhi, chai imepoa na sijanyanyuka. Barabara hatukuifikia, najua unalihesabu hilo, na nakuahidi sitalikwepa. Kila kazi ya chumvi ikianza nitamchukua Zuhura mgongoni kutoka pale tulipoanguka, tuta kwa tuta, mpaka lami. Nimekubaliana naye pia kuhusu siku yangu. Atasimama mlangoni na reki yako, aseme mabaya yote, asiniachie nitoke kwa heshima. Amesema hatanifungulia mpaka niwataje ndege wote wa pwani hii kuwa watoto wa mama mmoja, na mimi nitakuwa maiti, nitatajaje? Amesema hiyo shauri yangu.

Nitakuja kukukuta unabisha na mtu huko. Niwekee nafasi kwenye tuta.

Nimesogea, mtani. Mlango u wazi.

Haya, nenda.